Nikitangazwa Mufilisi, Deni Langu Linakwenda Wapi?

Barua zilizonifikia safari hii ni za watu wa aina mbili, wanaodaiwa na wanaodai, na karibu wote wananinukulia methali ileile: dawa ya deni ni kulipa. Kila upande unamrushia mwenzake. Mlioniuliza fomu zinapatikana wapi, nendeni Huduma ya Usajili wa Biashara, kwa ofisi ya Mpokeaji Rasmi; sitapoteza nafasi kwa hilo. Nimechagua maswali yanayonikera na machache yanayonitia hofu. Pasipotajwa nchi nyingine, ninazungumzia Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015.

Nadaiwa na benki na wauzaji wa mbegu. Kabla ya kuomba kufilisika, nihamishe shamba kwa jina la mke wangu? (Nyeri)

Usithubutu. Mwombaji hutoa taarifa ya mali yake yote: ardhi, akaunti, hisa za SACCO, ng'ombe, hata pesa anazowadai wengine. Atakayekabidhiwa mali yako ana mamlaka ya kutazama nyuma, na zawadi uliyompa mke au shemeji wakati tayari umeelemewa yaweza kubatilishwa, shamba likarudi kwa wadai. Kuficha mali ni kosa la jinai juu ya hayo. Utakuwa umeingia ukiwa mdaiwa aliyekwama, utoke ukiwa mshtakiwa.

Aliyekupa ushauri huo ni nani? Kama ni wakili, tafuta mwingine. Kama ni dalali wa mashamba, bila shaka tayari ana mnunuzi.

Nilimkopesha jirani shilingi laki sita kutoka kiinua mgongo changu, afungue duka la vifaa vya ujenzi. Duka limekufa, na sasa ameiomba mahakama imtangaze mufilisi. Serikali inamlinda mwizi? Dawa ya deni si kulipa tena? (Kisumu)

Mzee wangu, pole. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako nimelisikia kortini, matangani na ndani ya matatu, na kila mara limejengwa juu ya kosa moja: kwamba kufilisika ni mlango wa nyuma, mdaiwa anautumia kutoka na mali yake huku deni akiliacha ndani.

Tazama kinachofanyika. Amri ikitolewa, mali ya jirani yako inatoka mikononi mwake na kuwekwa chini ya Mpokeaji Rasmi au msimamizi mwenye leseni. Anaachiwa vifaa vya kazi, mavazi na vyombo vya nyumbani kwa kiwango kilichowekwa; kilichobaki kinauzwa. Anaweza kuhojiwa kwa kiapo pesa zako zilikwenda wapi, jambo ambalo wewe peke yako usingeliweza hata ungekaa mlangoni pake mwaka mzima. Jina lake linaingia katika orodha ya umma. Hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama, wala kusafiri nje ya nchi bila idhini. Katiba inamzuia kuwa mbunge au mwakilishi wa wadi. Soma ibara za 99 na 193. Kwa kawaida huachiliwa miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa ya hali yake ya kifedha, na mdai mwenye sababu anaweza kuiomba mahakama ruhusa ya kupinga. Mtu anayetaka kukimbia deni hachagui njia hii. Anahamia mji mwingine na kubadilisha laini ya simu.

Sasa fikiria sheria hii isingekuwepo. Jirani yako hadaiwi na wewe peke yako. Duka la vifaa vya ujenzi likifa huacha deni la saruji, deni la mabati, kodi ya chumba, mikopo ya simu, na aghalabu shailoki mmoja. Pasipo utaratibu, anayelipwa ni aliyewahi: mfanyabiashara mwenye dalali wa mahakama anayejua kuamka mapema, au shailoki mwenye vijana wa kutisha watu. Mstaafu anayeona haya kumdai jirani aliyemlea mtoto wake hulipwa mwisho, yaani halipwi. Ufilisi unazisimamisha mbio hizo. Mwenye dhamana huchukua dhamana yake, gharama za usimamizi na madeni ya kipaumbele, kama vile mishahara ya wafanyakazi, hutangulia, halafu nyinyi wengine mnagawana kilichobaki kwa kadiri ya anachodai kila mmoja. Kikipatikana kiasi cha senti ishirini kwa kila shilingi, wewe na kiwanda cha saruji mnapata senti ishirini sawasawa. Ni kidogo. Ila ni ishirini ambazo kwenye zile mbio usingezipata.

Umeniuliza juu ya wajibu, nami sitaukwepa. Jirani yako alikopa, akapaswa kulipa. Lakini kukopesha nako ni uamuzi. Benki ikitoza riba, ndani ya riba hiyo imo bei ya watakaoshindwa, na wakopaji wote wanaolipa wanaichangia. Ikija kulia mbele ya mahakama kwamba imeonewa, mimi hunywa maji. Wewe hukutoza riba, ndiyo maana moyo wangu uko upande wako. Ila hakuna sheria inayoweza kumlipa mkopeshaji mwema kutoka mfuko mtupu. Inachoweza ni kuhakikisha mfuko umegeuzwa nje mbele ya wote.

Kuna jambo jingine wadai hawapendi kulisikia. Mtu wa miaka arobaini mwenye deni asiloweza kulimaliza hadi kaburini haachi kufanya kazi. Anafanya kazi za kufichwa, kwa pesa taslimu, kwa jina la shemeji. Halipi kodi, na wewe hakulipi. Nimewaona wadai waliokataa theluthi ya deni lao wakisubiri deni zima, na bado wanasubiri.

Mwizi ni aliyekopa akijua hatalipa, na huyo sheria inamtambua. Deni lililopatikana kwa udanganyifu, au kwa kuvunja amana kwa hila, halifutwi hata muda wake ukiisha. Kama una ushahidi kwamba duka lilikuwa uongo tangu mwanzo, upeleke kwa msimamizi. Kama duka lilifunguliwa, likauza, kisha likafa, hiyo ilikuwa biashara. Wasilisha uthibitisho wa deni lako kwa maandishi kabla tarehe haijapita. Mdai anayebaki nyumbani akilaani hayumo kwenye hesabu.

Kuna bwana kwenye Facebook anayesafisha jina CRB kwa shilingi 3,500, siku tatu tu. Nimwamini? (Thika)

Ni tapeli. Rekodi hubadilika aliyekuripoti akipeleka taarifa mpya, au wewe ukipinga taarifa ya uongo kwa ofisi yenyewe ya rekodi za mikopo. Hakuna njia ya tatu.

Nilimdhamini mwenzangu SACCO. Ametangazwa mufilisi, na sasa wanakata akiba yangu. Deni lake likifutwa, langu halifutwi? (Mwalimu wa Bungoma, muuguzi wa Garissa, askari jela wa Naivasha, na wengine ambao barua zao zinafanana mpaka nikadhani mliandikiwa na mtu mmoja)

Halifutwi. Kuachiliwa kwa mufilisi kunamwachilia yeye. Mdhamini wake na aliyekopa pamoja naye wanabaki walipokuwa. Ndivyo mlivyotia saini, ingawa najua mlitia saini wapi: kwenye meza ya chai, saa nne asubuhi, mtu akiwa amesimama na kalamu mkononi akisema "ni jina tu".

Hili ndilo eneo la sheria ya madeni linalonitia hasira kuliko yote. Aliyetumia pesa anaanza upya. Asiyeonja hata shilingi anakatwa mshahara. Na hasira yangu haielekei kwa mufilisi. Inaelekea kwa afisa wa mikopo aliyeona hati ya mshahara imebaki na shilingi za nauli akapitisha mkopo hata hivyo, kwa kuwa wadhamini walikuwa sita na wote wana akiba. Huyo hakupima kama mkopaji ataweza kulipa. Alipima nani wa kumkamata. Ningepewa nafasi ya kurekebisha sheria, mkopeshaji asiyethibitisha uwezo wa mkopaji angezuiwa kumgusa mdhamini mpaka kwanza ahesabu hasara yake mwenyewe.

Kabla ya kulia, fanyeni haya. Ulizeni kwa maandishi akiba na hisa za mkopaji mwenyewe zimetumika kiasi gani kwanza, na deni limegawanywa vipi miongoni mwenu. SACCO isiyoweza kujibu swali hilo ina tatizo, na Baraza la Ushirika lipo kwa migogoro ya aina hiyo. Wa mshahara, kumbukeni Sheria ya Ajira ya 2007: jumla ya makato haipaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara, haidhuru mwajiri na SACCO wamekubaliana nini simuni. Halafu jambo ambalo karibu hakuna mdhamini anayelifanya: ukimlipia mtu deni, wewe sasa ni mdai wake. Peleka dai lako kwa msimamizi wa mali yake upange foleni na wengine.

Na yule dada wa Garissa anayeuliza kama amdhamini na binamu yake mwezi ujao: dada yangu, soma tena barua yako mwenyewe.

Mdai wangu ana hukumu dhidi yangu na anatishia kunipeleka jela. Rafiki yangu anasema Mahakama Kuu ilishapiga marufuku kifungo cha deni. (Likoni)

Rafiki yako amesoma nusu ya habari. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, ambaye mwaka 2021 alikuja kuwa Jaji Mkuu, alimtoa kifungoni mdaiwa aliyekuwa tayari chini ya sheria ya ufilisi. Alitegemea Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao ibara yake ya 11 inakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Ndipo watu wakaanza kutangaza kwamba jela ya deni imekufa. Mwaka 2012 marehemu Jaji David Majanja akaiweka hoja mahali pake: kifungo hicho chenyewe hakivunji Katiba, mradi utaratibu umefuatwa na mdaiwa amepewa nafasi ya kujieleza. Anayeweza kulipa akakataa, au anayeficha mali, bado anaweza kufungwa, hadi miezi sita, na mdai ndiye anayetoa gharama za kumlisha. Akitoka, deni liko palepale.

Kwa hiyo swali lako ni hili: unaweza kulipa au huwezi? Kama huwezi, nenda kortini siku uliyoitwa ukiwa na taarifa za benki, za M-Pesa na risiti za kodi ya nyumba, useme unachoweza kulipa kila mwezi. Wanaofungwa kwa urahisi ni wale wasiofika.

Mimi ni mwalimu, mshahara shilingi 52,000. Nina mikopo mitano ya simu, jumla shilingi 180,000. Nataka kufilisika nianze upya. (Kakamega)

Hujafilisika, umechoka. Mwenye mshahara wa kudumu na deni la kiasi hicho akienda kuomba ufilisi, jaji atamuuliza kwa nini halipi kidogokidogo, naye hatakuwa na jibu. Mahakama zimekataa maombi ya watu waliotaka kuitumia sheria hii kama ngao dhidi ya deni wanaloweza kulibeba.

Wengi hawajui kwamba sheria ya 2015 ina njia nyingine ndogo kuliko ufilisi kamili. Iko amri ya kulipa kwa awamu chini ya msimamizi, ambayo naiona inakufaa. Upo mpango wa hiari kati ya mdaiwa na wadai wake. Na upo utaratibu wa mdaiwa asiye na mali, kwa deni lisilopungua shilingi 100,000 wala kuzidi kiwango cha juu kilichowekwa na sheria. Mtu hutoka baada ya miezi kumi na miwili, na hawezi kuutumia tena maishani. Deni lako linaingia katika kiwango hicho, mshahara wako hauingii. Njia hiyo iliwekwa kwa ajili ya mama mchuuzi ambaye kibanda chake kimeungua, asiye na kipato wala kipande cha mali, na inasikitisha kwamba wanaoihitaji ndio hawajawahi kuisikia.

Kabla ya yote, usichukue mkopo wa sita kulipa wa tano.

Nikifilisika, malezi ya watoto ninayodaiwa na mama yao yatafutwa? (Eldoret)

Hayafutwi. Lipa.

Wakopeshaji wa simu wanampigia mama mkwe wangu na bosi wangu wakitangaza deni langu. (Barua nne)

Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza: vitisho, matusi, kumwaibisha mkopaji kwa watu walio kwenye simu yake. Hifadhi ujumbe wote na rekodi ya simu zilizopigwa, ulalamike Benki Kuu na kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Malalamiko yako hayafuti deni. Mmoja wenu ameniandikia kwamba kwa vile alitukanwa, ameona halazimiki tena kulipa. Ndugu yangu, hayo ni mambo mawili, na utashinda moja tu.

Mhubiri wetu anasema anayejitangaza mufilisi amemwibia jirani yake, na ustadhi wa mtaa anasema hivyo hivyo. Sheria inawezaje kuhalalisha dhambi? (Malindi)

Ningependa wote wawili wafungue vitabu vyao kwanza. Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, inaagiza msamaha wa madeni kila mwaka wa saba, na inamwonya tajiri asimnyime maskini mkopo eti kwa kuwa mwaka huo umekaribia. Kurani, katika sura ya Al-Baqara, aya ya 280, inaelekeza kwamba mdaiwa aliye katika dhiki asubiriwe hadi apate nafuu, na kumsamehe ni bora zaidi. Fiqhi ina mlango mzima juu ya muflis: kadhi humzuia asitumie mali yake, huiuza, kisha huwagawia wadai kwa kadiri ya madeni yao. Yalikuwa yakiandikwa hayo karne nyingi kabla wakoloni hawajatuletea sheria yao ya ufilisi.

Palipo na tofauti, nitaisema. Katika fiqhi, sehemu isiyolipwa hubaki katika dhima ya mdaiwa. Sheria ya Kenya humwondolea. Ustadhi akisema bado unawajibika mbele ya Mwenyezi Mungu, sina hoja ya kumjibu, na sihitaji. Hakuna sheria inayomzuia mtu aliyeachiliwa kumlipa kwa hiari aliyemkopesha. Nimeona wachache wakifanya hivyo, na hawakuwa matajiri.

Kwa nini kampuni kubwa hufa na mabilioni ya watu, wenyewe wakaendelea kula vizuri? (Nairobi, na wawili wa Nakuru)

Kwa sababu kisheria kampuni ni mtu mwingine. Kampuni ya maduka ya Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi mwanzoni mwa 2018 kwa sheria hii hii mnayoiita ya wezi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe. Waliokuwa wameiuzia bidhaa kwa mkopo bila dhamana walikaa nyuma ya foleni. Kampuni za Donald Trump zimeomba ulinzi wa ufilisi mara sita, yeye mwenyewe hajawahi hata mara moja. Mnaona hakuna anayemwita mhubiri amkemee.

Anayeumia ni mwenye kampuni ndogo. Anaisajili akidhani sasa nyumba yake iko salama, kisha benki inamwekea mbele karatasi ya dhamana binafsi ya mkurugenzi, naye anatia saini maana bila hiyo hapati mkopo. Kampuni ikianguka, wanamfuata yeye. Kinga ya kampuni inamsaidia aliye mkubwa kiasi cha kukataa kutia saini. Anayetaka kuzungumzia haki katika madeni aanzie hapo, amwache mchuuzi wa Gikomba.

Nyumba niliyoiwekea benki rehani itaokolewa nikifilisika? (Ruiru)

Haitaokolewa. Mwenye rehani husimama nje ya foleni. Ulinzi wako uko katika Sheria ya Ardhi ya 2012: ilani ya miezi mitatu, kisha ilani ya kuuza ya siku 40, na wajibu wa benki kutafuta bei nzuri iwezekanayo. Zikikosewa hizo, unayo kesi. Zisipokosewa, uza mwenyewe kabla ya mnada, maana mnunuzi wa mnadani huja kutafuta bei ya mnadani.

Haya yote yanatuhusu sisi wa Tanga?

Kwa sehemu. Sheria ya Ufilisi ya Tanzania, Sura ya 25, ina mizizi ya enzi ya ukoloni, na huko mufilisi haachiliwi kwa kupita miaka, huomba mahakamani. Muone wakili wa huko, usinakili majibu yangu.

Nilipata barua ya madai kutoka kwa wakili wa mdai wangu miezi miwili iliyopita. Niliiweka kabatini kwa sababu ilinitia wasiwasi. Sasa nimeletewa ombi la kunitangaza mufilisi. Niko salama? (Machakos)

Hauko salama, ila hujachelewa kabisa. Ile haikuwa barua ya kawaida. Ilikuwa hati ya madai ya kisheria, nayo hukupa siku 21: ulipe, ukubaliane na mdai, au uiombe mahakama iitupe kama deni lina ubishi wa kweli. Siku hizo zikipita kimya, kimya chako kinatumiwa kama ushahidi kwamba huwezi kulipa. Sasa muone wakili wiki hii, ufike mahakamani tarehe iliyoandikwa, na kama deni ni lako kweli, uende na pendekezo la malipo lililoandikwa.

Nanyi wengine mlio na bahasha ya namna hiyo kabatini, ifungueni leo, mtazame tarehe mliyokabidhiwa, na mhesabu siku zilizobaki.